Kompyuta 18, waya mmoja wa athi: kwa nini kasha linapiga shoti

Swali: "Ninaendesha kituo kidogo cha mafunzo ya kompyuta hapa Tabora mjini, Ng'ambo. Tuna kompyuta za mezani 18 kwenye chumba kimoja, nyingi za mtumba. Tulipoanza, ile breka yenye kitufe cha kujaribia ilikuwa inaruka karibu kila asubuhi tukiwasha mashine zote. Fundi akaja, akachomoa waya mmoja kwenye boksi la breka, akasema ndio uliokuwa unasumbua. Kweli breka haikuruka tena. Lakini tangu siku hiyo ukigusa kasha la kompyuta unasikia ganzi, kama sisimizi wanatembea mkononi. Wiki iliyopita tulikuwa tumetoka kudeki. Binti mmoja alikuwa pekupeku, maana huwa tunavua viatu mlangoni kwa ajili ya vumbi. Alishika kasha akapiga kelele, mkono ukabana pale pale mpaka mwenzake alipozima ukutani. Fundi wa pili anashauri kompyuta zichimbiwe athi yao peke yake. Wa tatu anasema tuunganishe athi na nyutro ndani ya soketi, mambo yaishe. Pesa hatuna nyingi. Nimsikilize nani?"

Mwalimu, kabla hujaendelea kusoma, kama chumba hicho bado kinatumika, nenda kakizime. Zima breka ya chumba, chomoa plagi zote, funga mlango, waambie wanafunzi darasa litarudi umeme ukishatengenezwa. Najua ada zimelipwa na wazazi watauliza. Lakini kilichombana binti yule bado kiko pale, na kinamngoja mwingine atakayeingia miguu ikiwa na maji.

Na yeye mwenyewe, ulizeni hali yake leo. Kama tangu siku ile moyo unamwenda mbio, kifua kinabana, alizimia hata kidogo, au ana alama ya kuungua mkononi, apelekwe hospitali apimwe moyo, hata kama siku zimepita.

Sasa turudi kwenye swali. Umeniandikia kama mtu mwenye matatizo mawili: breka iliyokuwa inaruka zamani, na shoti ya sasa. Kwa jinsi ulivyosimulia, tatizo ni moja, na lilihamishwa tu kutoka ndani ya boksi likaja mikononi mwa wanafunzi wako. Waya uliochomolewa karibu bila shaka ulikuwa wa athi, yaani ule unaounganisha makasha na ardhi. Hakuna waya mwingine ambao ukiuondoa breka ya namna hiyo inatulia, kompyuta zinaendelea kuwaka, na makasha yanaanza kutambaliwa na sisimizi.

Ili uelewe kwa nini, inabidi tuingie ndani ya kompyuta. Pale nyuma unapochomeka waya wa umeme kuna kiboksi cha bati, pawa saplai. Nimefungua nyingi zilizokufa. Umeme ukiingia tu, kabla haujafika popote, unakutana na kichujio kinachozuia kelele za umeme za mashine zisirudi kwenye nyaya za nyumba. Katika kichujio hicho kuna kapasita mbili ndogo, mara nyingi za bluu, bapa kama kisahani, ukubwa wa punje ya hindi. Moja inatoka kwenye laivu, waya unaoleta umeme, kwenda kwenye bati la kasha. Ya pili inatoka kwenye nyutro, waya unaourudisha, kwenda kwenye bati hilo hilo. Kiwanda kimeziweka hivyo kwa makusudi.

Kapasita haipitishi umeme wote, lakini umeme wetu unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde huipenya kidogo. Kwa hiyo kila kompyuta nzima, mpya, isiyo na kasoro yoyote, muda wote inapokuwa imechomekwa inamwaga umeme kidogo kwenye kasha lake. Kwa mashine moja ya mezani kiasi hicho mara nyingi ni kati ya nusu miliampea (miliampea ni sehemu ya elfu ya ampea) na moja na nusu. Kanuni za kimataifa zinaruhusu hadi 3.5 kwa vifaa vya aina hii. Umeme huo umepewa njia ya kutokea, nayo ni waya wa athi. Ukiwepo, unaondoka kimya na kasha halina kitu. Usipokuwepo, kasha linabaki katikati ya kapasita mbili, nusu njia kati ya laivu na nyutro, yaani karibu volti 115. Ndiyo maana ukigusa kwa testa ya bisibisi taa inawaka, na ukipima kwa mita unakuta mia na kitu, wakati fundi ameapa kwamba hakuna waya ulioachia ndani.

Kwa mashine moja jambo hili linaishia kwenye ganzi. Binadamu huanza kuhisi umeme kwenye karibu nusu miliampea, kwa hiyo moja inawasha tu. Watu wengi wana kompyuta moja nyumbani isiyo na athi, wameishi nayo miaka, na wamejiaminisha kwamba ndivyo kompyuta zilivyo. Wewe una 18, na hesabu yako ni nyingine kabisa.

Tundu za athi za soketi zote za chumba zimeunganishwa kwa waya mmoja unaopita ukutani na kurudi kwenye boksi. Fundi alipoukata kule mwanzoni, soketi hazikuachana. Bado zimeshikana zenyewe kwa zenyewe, na makasha yote 18 yamekuwa kitu kimoja. Fikiria nyumba yenye mabati 18 yanayomwaga maji kwenye mfereji mmoja, halafu mtu akaziba mdomo wa mfereji. Maji hayatoki tena bati kwa bati. Yanajikusanya, na yakipata upenyo mmoja yanatoka yote hapo. Binti yule hakugusa kompyuta moja. Aligusa zote 18 kwa wakati mmoja, na umeme uliokuwa unamwagwa na zote ukapata njia kupitia mkono wake na miguu yake kwenda kwenye sakafu.

Tukichukua miliampea moja kwa kila mashine, hiyo ni 18. Kuanzia karibu 10 misuli ya mkono hukaza yenyewe na mtu hawezi kuachia anachoshika. Ndicho ulichokiona. Ukivuka 30 tunaanza kuzungumza habari za moyo kupoteza mapigo, na hapo muda ndio unaoamua. Waliokuwa wamevaa soksi kwenye sakafu kavu walihisi ganzi tu kwa sababu sakafu kavu ilikuwa inazuia. Maji ya kudeki yaliondoa kizuizi hicho. Hii desturi yetu ya kuvua viatu mlangoni inasaidia kompyuta dhidi ya vumbi, lakini inamvua mwanafunzi kinga ya mwisho aliyokuwa nayo. Mimi ningependa wavae ndala safi za mpira zinazokaa humo humo chumbani.

Utaniuliza, mbona ile breka yenye kitufe haikuruka kumwokoa? Breka hiyo, ambayo mafundi tunaiita RCD, inalinganisha umeme unaotoka kwa laivu na unaorudi kwa nyutro. Ukipungua unaorudi, inajua kuna uliopotea njiani. Ya kawaida ya kulinda watu imeandikwa miliampea 30. Kiwanda kinaahidi kwamba ikifika 30 lazima ikate, na ikiwa chini ya 15 isikate. Katikati ya hapo, inaweza kukata au isikate, na yote mawili ni halali. Miliampea 18 za kwako ziko katikati hapo.

Ukishaelewa hilo, zile asubuhi za mwanzo zinajieleza zenyewe. Athi ilikuwepo, mashine 18 zilikuwa zinamwaga umeme wao ardhini kama kawaida, na RCD moja ilikuwa inaona jumla ya wote. Mkiwasha kwa pamoja unaongezeka msukumo mfupi wa kuwasha, inafika ukingoni, inaruka. RCD ilikuwa inahesabu sawasawa. Kosa lilikuwa kuipa RCD moja mashine nyingi kuliko inavyoweza kubeba. Kanuni za Uingereza, ambazo mafundi wengi wa hapa tumezisomea, zinashauri uvujaji wa kawaida usizidi asilimia 30 ya kiwango cha RCD. Kwa RCD ya 30, hiyo ni miliampea 9.

Basi nijibu ushauri uliopewa, mmoja mmoja.

Wa kwanza, kuchomoa athi, sitaurudia. Umeshaona matunda yake.

Wa tatu niuseme mapema kwa sababu ndio unaoua haraka: kuunganisha athi na nyutro ndani ya soketi. Unavutia kwa sababu ganzi itaisha siku hiyo hiyo, na fundi ataonekana bingwa. Mantiki yake ni kwamba nyutro nayo imeunganishwa na ardhi. Ni kweli, imezikwa kule kwenye transfoma ya TANESCO. Lakini kazi ya nyutro ni kurudisha umeme, na waya wowote unaobeba umeme unaweza kuachia: kiungo kimelegea kwenye nguzo, tawi la mwembe limeangukia nyaya, skurubu imeungua ndani ya boksi. Nyutro ikikatika kabla ya soketi zako, umeme uliokuwa unarudi kwa nyutro utapita kwenye kile kipande kinachounganisha nyutro na athi na kupanda kwenye makasha yote kwa volti 230 kamili, na safari hii hakuna kapasita ya kuupunguza. Tena kipande hicho kikiwa baada ya RCD, nayo itaanza kuruka bila mpangilio, kwa sababu sehemu ya umeme itarudi kwa njia isiyohesabiwa, na mtu atakushauri uiondoe. Mwalimu, ukikuta soketi yoyote yenye kipande cha waya kinachounganisha nyutro na athi, usisubiri kujadili.

Ushauri wa pili, wa kuchimba athi ya kompyuta peke yake, una nia njema na makosa yaliyojificha. Unatokana na imani kwamba kompyuta zinahitaji athi "safi" isiyochanganyika na ya friji na pasi. Shida ni kwamba fimbo mbili za athi, yale machuma yanayopigwa ardhini, zisizounganishwa na zilizo mbali kidogo, haziko kwenye volti sawa pakitokea hitilafu au radi. Mwanafunzi mwenye mkono mmoja kwenye kompyuta na mwingine kwenye dirisha la chuma au kasha la kiyoyozi anakuwa daraja kati ya fimbo mbili. Na Tabora radi tunaijua, kuanzia Novemba mpaka Aprili. Fimbo ya pili unaweza kuiongeza, ni jambo zuri tu, alimradi iunganishwe na ya kwanza kwa waya mnene na zote zikutane kwenye kituo kimoja cha athi katika boksi. Jengo moja, athi moja, hata ikiwa na fimbo tano.

Hapo nafika kwenye fimbo yenyewe, na naomba unisikilize kwa utulivu kwa sababu imani kubwa kuliko zote iko hapa. Watu wanadhani fimbo ikishapigwa ardhini basi laivu ikigusa kasha, breka itaruka. Wateja wengi wa kawaida huletewa laivu na nyutro na shirika la umeme, athi wanajichimbia wenyewe. Fimbo ya kawaida ya madukani ina urefu wa mita 1.2 na unene wa milimita 16. Kwenye udongo wenye unyevu mzuri inaweza kukupa ukinzani wa omu 70 hivi. Gawanya volti 230 kwa 70, unapata ampea 3.3. Breka ya soketi ya ampea 32 haitajua hata kama kuna jambo limetokea. Kasha litakaa na umeme, fimbo ipo, breka ipo, na mtu anaweza kufa katikati yao. Kinachookoa kwenye athi ya namna hii ni RCD, ambayo inahitaji umeme mdogo tu upotee ili ikate. Fimbo na RCD ni mume na mke. Ukimwondoa mmoja, mwingine hatimizi kazi.

Na hizo omu 70 ni za udongo wenye unyevu. Udongo wetu hapa ni wa kichanga, unapitisha maji upesi. Kufika Septemba, miembe imeshaanza kubeba na ardhi ya juu imekauka kama unga wa muhogo. Mchanga mkavu unapitisha umeme kwa shida, na si ajabu ukinzani wa udongo ukapanda mara kumi. Fimbo ile ile ya mita 1.2 ikienda kwenye omu 700, ulinzi wote unaanza kuyumba. Kinadharia RCD ya 30 bado ingefanya kazi, lakini sisi mafundi tunataka fimbo isivuke 200, kwa sababu juu ya hapo haiaminiki, leo iko sawa na kesho udongo umeachana nayo. Ndugu zetu wa Kigoma wanaokaa karibu na maji ya ziwa wanaweza kukuta hali nyingine kabisa, na fimbo iliyowatosha wao isikutoshe wewe.

Dawa ya kwanza ni kina. Kuunga fimbo ya pili juu ya ya kwanza na kuishusha mpaka mita 2.4 kunapunguza ukinzani kwa zaidi ya theluthi moja hata kama udongo ni ule ule wa juu mpaka chini, na faida halisi huwa kubwa zaidi kwa sababu chini unyevu hudumu. Kama kuna mwamba, piga fimbo mbili au tatu, umbali kati yake usipungue urefu wa fimbo yenyewe, ziunganishwe. Chumvi na mkaa, ambavyo kila mtu atakushauri, vinasaidia kwa muda, lakini mvua huiosha chumvi na ile inayobaki hula shaba na kibano kinachoshika waya kwenye fimbo. Nimewahi kuchimbua fimbo ya aina hiyo kwenye shule moja nikakuta kibano kimekuwa unga wa kijani. Waya ulikuwa umelala tu pembeni ya fimbo bila kugusana, na kwa juu kila kitu kilionekana kipo. Udongo wa bentonaiti, aina ya mfinyanzi unaoshika maji, ukipatikana, ni bora kuliko chumvi. Chagua mahali penye kivuli au panapomwagwa maji ya kunawa, jenga kisanduku kidogo cha matofali chenye mfuniko ili kibano kionekane na kikazwe. Waya wa kutoka kwenye fimbo kwenda boksini uwe wa shaba usiopungua milimita za mraba 16.

Baada ya hapo ndipo tunagawa chumba. Kwa mzigo, kompyuta zako si nyingi. Mashine na skrini yake hula kama wati 150, zote 18 ni wati 2,700, karibu ampea 12, ambazo saketi moja, yaani njia moja ya nyaya yenye breka yake, inazibeba. Ndiyo maana aliyefunga umeme hakuona sababu ya saketi zaidi. Lakini kinachoamua hapa ni uvujaji. Ningezigawa mara tatu, kompyuta sita kwa kila saketi, kila saketi na RCD yake ya miliampea 30. Sita kwa moja na nusu ni 9, tumebaki ndani ya mpaka. Zipo breka zinazounganisha kazi mbili, ya kukata mzigo na ya kukata uvujaji, zinaingia kwenye nafasi ya breka ya kawaida. Dukani omba iliyoandikwa aina A, kwa sababu umeme wa vifaa vya kielektroniki una umbo ambalo zile za aina AC zinaweza zisilitambue. Kila saketi iwe na nyutro yake isiyochanganyika na ya mwenzake. Faida nyingine utaiona darasani: mashine moja ikiharibika utapoteza sita, darasa linaendelea.

Kisha kuna jambo ambalo ndilo moyo wa jibu langu kwa chumba chochote cha kompyuta nyingi. Kwa kuwa waya wa athi unabeba umeme wa wote, kukatika kwake ni hatari kuliko kukatika kwa waya mwingine wowote. Laivu ikikatika utajua papo hapo, mashine zinazima. Athi ikikatika kila kitu kinaendelea kuwaka, na hakuna anayejua mpaka mtu aguse. Kwa hiyo athi ipewe njia mbili. Saketi ikiwa ya duara, inayotoka boksini na kurudi, ncha mbili za waya wa athi zifungwe kwenye skurubu mbili tofauti ndani ya boksi, zisibanwe pamoja. Skurubu moja ikilegea, nyingine inashika. Zipo soketi zenye nafasi mbili za kufungia athi kwa kazi hii hii. Kanuni zinadai hivyo uvujaji wa saketi ukizidi miliampea 10. Kwako, hata chini ya 10, ningefanya.

Yote hayo yatakuwa kazi bure kama athi inaishia ukutani. Umesema mashine zako ni za mtumba. Angalia plagi zake. Nyingi zinazotoka Ulaya huja na plagi nene ya mviringo yenye vijiti viwili, na vipande vya bati ubavuni. Vile vipande ndivyo athi yake. Soketi zetu za tundu tatu bapa hazina pa kuvigusa. Na sote tunajua watu wanavyoichomeka: kalamu inasukumwa kwenye tundu la juu ili vizuizi vifunguke, plagi inalazimishwa, kompyuta inawaka. Kompyuta hiyo haina athi hata kama boksi lako limefungwa na fundi bora wa mkoa. Nunua waya wa kompyuta wenye plagi ya pini tatu bapa na fyuzi, unaingia nyuma ya mashine ile ile. Ni moja ya matengenezo ya bei ndogo kabisa katika orodha yako.

Ekstensheni nazo uzikague. Zipo zinazouzwa zikiwa na matundu matatu juu, lakini ndani ya waya wake kuna nyuzi mbili tu. Tundu la athi ni pambo. Hili unaweza kulipima mwenyewe bila hatari: ekstensheni ikiwa haijachomekwa popote, weka mita kwenye alama ya mlio, ncha moja kwenye pini ya athi ya plagi, nyingine kwenye tundu la athi. Isipolia, ikate waya uitupe, usimpe jirani. Kwa njia hiyo hiyo, kompyuta ikiwa imechomolewa ukutani, pima kati ya pini ndefu ya plagi na skurubu isiyo na rangi nyuma ya kasha. Ilie pia. Usipime chochote ndani ya boksi la breka. Hapo mwachie mwenye kazi yake.

Kama una UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika, zile za kawaida hupitisha athi ya ukutani tu, hazina ya kwao. Ukiichomoa ukutani huku kompyuta inaendelea kwa betri, umeikata athi. Zima swichi ya soketi, usichomoe. Jenereta ni suala zito zaidi: nyingi ndogo nyutro yake haijaunganishwa na athi popote, na katika hali hiyo RCD yako haitaona uvujaji hata mtu akishikwa. Usiiwashie chumba hicho mpaka fundi ameihusisha na fimbo yako na kuijaribu.

Kwa radi, fimbo nzuri inasaidia lakini haifanyi muujiza. Wingu likikaribia, chomoa kompyuta na waya wa intaneti pia. Kama una ofisi kwenye jengo jingine, usivute kati ya majengo waya wa mtandao wa shaba; tumia faiba au mawimbi, kwa sababu waya ule unaunganisha athi mbili tofauti kupitia kompyuta zako.

Kuhusu pesa. Kama haiwezekani kufanya yote kwa mkupuo, mimi ningepanga hivi. Kwanza athi irudishwe boksini, fimbo ipimwe, na RCD iwepo na ifanye kazi. Bila hivyo mlango usifunguliwe. Wakati huo fungua chumba kwa kompyuta sita tu, nyingine ziwe zimechomolewa kabisa, maana hata iliyozimwa kwa kitufe inaendelea kuvuja ikiwa imechomekwa. Fundisha kwa zamu. Mwezi unaofuata ongeza saketi ya pili, kisha ya tatu. Nyaya za plagi za mtumba zibadilishwe mwanzoni kabisa, pamoja na athi. Stabilaiza, kama ulikuwa unaifikiria, ingoje.

Fundi utakayemwita awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na awe na vifaa vya kupimia. Mita ya kawaida ya mkononi haiwezi kupima fimbo ardhini. Inahitajika mashine ya kupimia athi, inayochomeka vijiti viwili vya pembeni kwenye udongo, au kipimo cha mzunguko wa athi kwenye soketi. Mwulize kabla ya kukubaliana bei: utapima fimbo kwa kifaa gani, utanipa namba? RCD utaipima inakata kwa miliampea ngapi? Uvujaji wa kila saketi utaupima kwa klempu, ile mita inayokumbatia waya? Swali hilo la mwisho ni muhimu kwako, kwa sababu katika 18 inawezekana kabisa iko moja au mbili zenye kichujio kilichochoka, zinamwaga mara tano ya wenzake. Klempu itazionyesha kwa dakika chache kila moja ikichomolewa kwa zamu. Anayejibu kwamba hahitaji kupima kwa sababu ana uzoefu, mshukuru umwage.

Ile RCD uibonyeze kitufe chake mwenyewe kila mwezi, mashine zikiwa zimezimwa. Isiporuka, imekufa. Na namba ya fimbo mwambie aiandike kwa kalamu ya wino mzito ndani ya mfuniko wa boksi, pamoja na tarehe. Akifanya kazi hii wakati wa mvua, mlipe kabisa gharama ya kurudi mara moja mwishoni mwa Septemba, kabla ya mvua za kwanza, apime tena fimbo ile ile. Hiyo ya Septemba ndiyo namba ya kuamini.